Kalenda Tuliyoipaka Chokaa

Nyinyi wa mwaka wa mwisho mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu za kazi, na tangu ombi lenu linifikie sijatulia. Kumbukumbu za kazi huandikwa na mtu mwenye mvi, mwenye kiti chake uani na wajukuu wanaomkatiza maneno. Mimi diploma yangu bado inanukia wino. Lakini kituo chetu cha hali ya hewa ya kilimo, katika mtaa wa Panda, kimefungwa, mradi uliokuwa ukituajiri umekwisha, na siku tulipokabidhi funguo, Papa Ilunga, aliyekuwa mkuu wangu, alinipiga bega akasema, "Bon, sasa tuko bastaafu bawili. Minye kwa miaka, weye kwa mawazo."

Basi naandika kama mstaafu wa mawazo. Mkiona nazunguka sana kabla ya kufika, mnivumilie. Mimi ni mtu ambaye akiazima mwavuli hufikiria kwanza kama mwenye mwavuli ataloa.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu najua darasani mnapewa fomula kabla ya kupewa jembe. Mvua ya kwanza ikipiga baada ya miezi ya vumbi, mji mzima hufurahi. Watoto hutoka nje, mama hutoa ndoo, hata madereva wa pikipiki huacha kutukanana. Kazi yetu ilikuwa kuwaharibia furaha hiyo kwa swali moja la kuudhi: mvua hii inamtosha nani? Inaweza kutosha kuchafua viatu na isitoshe kuotesha mbegu. Inaweza kuotesha mbegu na isitoshe kuilea. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Mbegu iliyolala kavu ardhini inaweza kungoja kidogo, lakini iliyokwisha kutoa mzizi haiwezi kurudi ndani ya ganda lake.

Kwa hiyo, baada ya mvua, acha kutazama mawingu. Chukua jembe, chimba, uone unyevu umeishia wapi. Ukikuta udongo mwekundu umelowa juu tu na chini yake bado ni unga, rudi nyumbani. Ukiufinya ule wa chini na ukabaki na alama za vidole vyako, anza kufikiri. Nimesema kufikiri, sikusema kupanda.

Na kipima mvua kinasomwa kila asubuhi, saa ile ile, hata Jumapili, hata kama mbingu ni safi kama sahani iliyooshwa. Utaandika sifuri. Wengi huona aibu kuandika sifuri, wanaona kama hawakufanya kazi. Sifuri nayo ni habari. Sifuri zikifuatana ndizo zinazoua mahindi.

Upepo ukitoka upande wa Kakontwe ulituletea vumbi jeupe la machimbo ya chokaa, nami nilikuwa na kitambaa changu cha kupangusa mdomo wa kipima mvua, nikihofia kwamba lile vumbi linakunywa maji kabla sijayapima. Papa Ilunga alikuwa akinitazama huku anatafuna karanga.

"Unapangusa tena?"

"Vumbi, Papa."

"Hiyo pluviomètre itaisha juu ya kupanguswa. Iache hata kidogo ijisikie chafu."

Alikuwa mtu wa kucheka, mrefu, mwenye pengo kubwa la meno ya mbele ambalo hakulificha. Asubuhi moja ya kiangazi alitoka uani anakimbia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kulikuwa na maji ndani ya kipima. Mvua, katikati ya kiangazi! Alikuwa ameshaandika kipimo na anatafuta simu ampigie rafiki yake. Mimi niliuliza kwa nini majani ya jirani yalikuwa makavu. Nikauliza kwa nini ardhi chini ya kipima ilikuwa na nyayo za viatu. Halafu nikainusa ile chupa ya ndani.

"Papa," nikasema, "hii imetoka kwa mtu."

Alinusa naye. Akafuta kipimo, akaandika sifuri, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mlevi mmoja alikuwa amekosea ukuta. "Weye," aliniambia akijifuta machozi, "weye hata mvula unaiomba carte d'identité." Tangu siku hiyo, mimi niliyeiomba mvua kitambulisho, alinikabidhi kazi ya kukagua vipimo vyote. Nawaambia hili ili mjue kwamba wasiwasi una mahali pake katika kazi hii. Tatizo lake ni kwamba haujui saa ya kutoka.

Sasa, huo ukuta. Ukuta wa nje wa kituo, unaotazama barabara, Papa Ilunga alikuwa ameuchora kalenda alipokuwa kijana. Mistari mirefu ya rangi: wa manjano wa kusafisha shamba, wa kijani wa kupanda, wa buluu wa kupalilia, wa kahawia wa kuvuna. Alitumia vipimo vya miaka thelathini vya walioandika sifuri kabla yake, akachukua wastani, akaupaka ukutani. Mama waliotoka sokoni walisimama pale na mizigo kichwani wakibishana, na mmoja akisema, "Ukuta umesema," ubishi ulikwisha.

Hapo ndipo penye somo mnalotaka, hili la kilimo na kubadilika kwa tabianchi. Sayansi yetu inatazama nyuma ili iseme mbele. Wastani wa miaka thelathini una sharti moja ambalo halikuandikwa ukutani: kwamba mwaka ujao utakuwa ndugu wa ile iliyopita. Hewa ikizidi joto, hunyonya maji ya udongo haraka, hivyo mvua ile ile iliyomtosha bibi yako haimtoshi mama yako. Na mvua inaweza isipungue sana ukiijumlisha kwa mwaka mzima. Inabadilisha mwendo. Inamwagika yote siku chache, kisha inakaa kimya, kama mtu anayekula chakula cha juma zima Jumatatu. Ukisoma jumla utasema hakuna kilichotokea. Ukisoma sifuri, moja baada ya nyingine, utaogopa. Mimi nilikuwa nazisoma.

Tulipewa pia mtambo mpya wa kujipimia wenyewe, unaotuma vipimo kwa simu. Ulikuwa mzuri sana kwa majuma machache. Kisha mtu akaondoka na kioo chake cha jua, tukakikuta juu ya paa la baa kikiwasha muziki, na mwenye baa akatukaribisha vizuri tu, akatuuliza tunakunywa nini. Tukarudi kwenye chupa na kitambaa.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, mvua ya kwanza ilikuja mapema, nzito, na mstari wa kijani ukutani ukakubaliana nayo. Redio ya mtaa ikaniita niseme kama watu wapande. Nilijiandaa. Nilisema ikiwa udongo umelowa mpaka chini, na ikiwa mvua ya pili haitachelewa, na ikiwa mbegu yako ni ya muda mfupi, na ikiwa shamba lako liko bondeni. Mtangazaji alingoja nimalize, kisha akauliza, akiniita kwa cheo cha mtaalamu wa kilimo:

"Donc, Agronome, bapande ao basipande?"

"Inategemea," nikajibu.

Kesho yake nilipopita sokoni, vijana wa mikokoteni waliimba, "Inategemea anapita! Inategemea, kilo ya chumvi ni ngapi?" Papa Ramazani, muuza mbegu ambaye wazee wake walitoka Kasongo, mtu mpole anayekunja kofia yake ya sala kabla ya kupima chochote, hata yeye alitabasamu. "Mwanangu," alisema, "bantu banakuja kununua, minye nibaambie nini? Niko na mizani, siko na inategemea."

Jioni hiyo Mama Kapinga akaja kituoni.

Mumewe alikuwa mtoto wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na alikufa akiwa ameacha nyumba ya kambi na shamba moja, mwendo mrefu kutoka Panda upande wa barabara ya Mwadingusha. Shamba hilo ndilo lilikuwa bukari, ugali wetu, ya mwaka mzima kwa watoto wa Mama Kapinga na wa marehemu dada yake. Mbegu alikuwa na mfuko mmoja.

Ili mwelewe alichokuja kuuliza, lazima mjue likilimba ya mikono. Likilimba ya fedha mnaijua: kila mmoja anachanga, mmoja anachukua, mnazunguka. Wanawake wa upande ule hufanya hivyo kwa majembe. Wakati wa kupanda, kila mwanachama ana siku yake. Wote wanakwenda shambani kwake, wanapanda lote hadi limalizike, yeye anawapikia, kesho wanakwenda kwa mwingine. Zamu hupangwa kwa vizibo vya chupa vilivyotiwa alama, mnachota kutoka kwenye sufuria. Ukiacha zamu yako ipite, unakwenda mwisho wa mzunguko. Hakuna ukatili katika hilo. Kila mmoja ana mikono miwili na shamba lake linamngoja. Mwaka ule Mama Kapinga alichota kizibo cha kwanza.

"Agronome," alisema bila kukaa, "kesho ni zamu yangu. Minye sitaki inategemea. Niambie neno moja."

Tuliondoka naye, mimi na Papa Ilunga, tukapanda pikipiki hadi shambani, tukachimba. Juu palikuwa pamelowa vizuri, peusi, panang'aa. Chini kidogo ya kiganja, unga. Taarifa ya msimu tuliyopokea ilisema kuna hofu ya kimya kirefu baada ya mvua za kwanza. Nilichimba mahali pengine, na pengine, na pengine tena, mpaka Mama Kapinga akauliza kama natafuta shaba.

"Mama, ngoja," nikasema. "Acha zamu ipite."

"Unajua unasema nini? Ikipita, inaenda mpaka ku mwisho."

"Najua."

"Na ku mwisho, mvula itakuwa bado iko?"

Hilo ndilo swali la kazi yetu yote, nalo halikuwa na jibu ndani ya shimo lile. Nilimtazama Papa Ilunga. Alikuwa amepiga magoti, ameshika ule unga, anaupitisha kati ya vidole.

"Ukuta unasema panda," alisema polepole. "Na ukuta nilichora minye. Lakini hapa chini ni kavu, Mama Kapinga. Minye pia ningengoja."

Mama Kapinga akangoja. Wenzake walipanda shamba la aliyefuata, na la aliyefuata, naye akaenda nao kila siku na jembe lake, akitia mbegu za wengine ardhini huku yake imefungwa nyumbani.

Kisha mbingu zikafunga. Niliandika sifuri mpaka mkono ukaizoea. Mahindi ya wenzake yaliyokuwa yameota yakaanza kujikunja mchana na kufunguka jioni, halafu yakajikunja asubuhi pia, halafu yakalala. Mkumbuke hili, kwa sababu ni kipimo ambacho hakiibiwi: mhindi unaojikunja saa sita mchana unajikinga tu, unaoukuta bado umejikunja alfajiri unakufa.

Sokoni hawakuniimba tena. Papa Ramazani alinipa kiti. Mnaweza kufikiri nilifurahi. Niliposikia wanawake wawili wakisema, "Sisi tuliambiwa inategemea, yeye aliambiwa ngoja," nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nilitaka kuwaeleza kwamba redioni sikuweza kuchimba shimo katika kila shamba. Maelezo hayo bado ninayo, yamepangwa vizuri kabisa, na sijampata wa kumpa.

Mvua ilirudi, na zamu ya Mama Kapinga ikafika, ya mwisho. Udongo ulikuwa umelowa mpaka chini. Mahindi yake yaliota yote, ya kijani kizito. Alipita kituoni kila Jumapili akitoka misani kutueleza urefu wake kwa kuonyesha mwilini: goti, kiuno, bega. Alipofika kwenye bega alikuwa anacheka kabla hajaingia mlangoni.

Mahindi yana wakati mmoja usiosamehe, pale yanapotoa ndevu. Hapo punje inafungwa, na mmea unataka maji kuliko siku zote. Ndevu za Mama Kapinga zilitoka Machi, wakati kalenda ya ukuta ilihesabu mvua bado ipo. Mvua ilikuwa imekwenda. Haikupungua taratibu kama zamani. Iliondoka kama mgeni asiyeaga. Niliandika sifuri, na kila moja nilijua inaandikwa wapi hasa.

Alikuja na hindi moja ndani ya kitenge chake. Akalimenya mbele yetu mezani. Punje mbili, pengo, punje moja, pengo refu.

"Papa Ilunga," alisema, "angalia. Agronome alinipandishia meno yako."

Papa Ilunga alicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anachekwa na heshima ilidai hivyo. Mama Kapinga naye alicheka. Kisha akalifunga lile hindi tena, akasema lazima apitie sokoni, akaondoka, na hatukusikia viatu vyake vikikaza mwendo kama kawaida.

Wale waliopanda mapema bondeni, ambako maji yalikaa, walivuna kidogo. Yeye aliyengoja kwa neno letu hakuvuna hata hicho. Nimeifanya ile hesabu mara nyingi sana. Kwa tulichokijua siku ile, kungoja kulikuwa sawa. Ningesema vile vile. Hiyo ndiyo sehemu inayoninyima usingizi: ningekuwa nimekosea, ningejifunza nisirudie.

Siku chache baadaye nilimkuta Papa Ilunga nje na ndoo ya chokaa na brashi. "Shika ndoo," aliniambia. Alianza na mstari wa kijani. Chokaa ya Kakontwe ni nyepesi mara ya kwanza, rangi ilikuwa inachungulia chini yake, basi akarudia, akarudia. Mama mmoja aliyekuwa anapita alisimama.

"Papa, unafuta? Sasa tutasoma wapi?"

"Inakauka," alijibu, kana kwamba ndilo alilokuwa ameulizwa.

Alipomaliza alikaa juu ya ndoo tupu, mikono myeupe hadi viwiko. Ninyi mnaopenda kunukuu wazee, nukuuni hili. Aliomba karanga.

Msimu uliofuata Mama Kapinga hakuchota kizibo. Nilimwona Kakontwe, kando ya barabara, amekaa chini ya gunia lililotundikwa kwa miti miwili, anaponda mawe ya kuuza kama kokoto. Kope zake zilikuwa nyeupe.

"Agronome!" aliniita kabla sijaamua kama nijifiche. "Kuya uone! Hapa hakuna mwezi wa kupanda. Mawe inakomaa mwaka muzima."

Baada ya hapo mradi ulikwisha, Papa Ilunga akaenda kwa binti yake Lubumbashi, nami nikarudi kwenye chumba changu na maelezo yangu. Nilidhani hapo ndipo ningewamalizia. Lakini mwaka huu, mvua za kwanza zilipokaribia, simu ililia.

"Inategemea, ni minye." Kifua cha Mama Kapinga kilikuwa kinakwaruza kwa vumbi la mawe; ndiyo sababu alikuwa ameacha nyundo na kurudi kwenye likilimba. "Nimepata mbegu. Nimechota kizibo. Ya kwanza tena, unaona Mungu anavyonicheza? Nifanye namna gani?"

Sina kituo sasa, sina taarifa ya msimu. Nilikwenda, nikachimba. Hali ilikuwa kama ya mwaka ule: juu pamelowa, chini unga. Na darasani mtakuwa mmefundishwa jibu la mwaka kama huu: gawanya mbegu, panda nusu sasa na nusu baadaye, ili kimya kikija kisile zote. Jibu zuri sana. Limeandikwa na mtu asiyejua kwamba likilimba inakuja mara moja tu.

"Siku ya zamu, wapande nusu," nikasema.

"Na nusu ingine nani atapanda? Mikono itakuwa imeshakwenda kwa bengine."

"Mimi."

Simu haikuwepo kati yetu safari hii, nilimwona uso. Alinitazama viatu, akapanda juu polepole hadi kwenye vidole vyangu vilivyozoea kalamu.

"Weye? Na hii mikono ya bic?"

"Mimi na wewe, mama."

"Utapanda mustari moja, utasimama kuuwazia."

Nusu ya kwanza ilipandwa siku ya zamu yake, nami nikiwa mstari wa mwisho, nikiachwa nyuma na wanawake wenye umri wa mama yangu waliokuwa wakiimba jina langu la sokoni kwa kila pigo la jembe. Iliota. Sasa mbingu zimefunga, na nusu ya pili ya shamba iko tupu, mbegu yake imo ndani ya chungu nyumbani kwa Mama Kapinga. Jana nilikwenda shambani kabla jua halijachomoza, nikamkuta ameshafika, ameinama juu ya mche mmoja. Majani yalikuwa bado yamejikunja.

"Hii imekwenda, ao?" aliuliza.

"Nadhani imekwenda, mama."

"Na ile ya ku chungu?"

Nilikuwa na ikiwa nyingi mdomoni. Nikazimeza. "Sijui. Jembe niko nalo."

Alikohoa, akatema mate meupe, akanyoosha mgongo. "Basi mvula ikija, kuya nalo. Na ulete chakula yako. Bukari ya kulisha mikono ilikwisha siku ya zamu."

Jembe liko nyuma ya mlango. Uani nimesimamisha kopo la maziwa juu ya kigingi, mbali na ukuta na mbali na walevi, nalisoma kila asubuhi saa ile ile. Hakuna anayenitaka niandike, lakini naandika.

Leo: sifuri.